Uzamili wa Mawasiliano ya Simu na Setilaiti: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Karo

Kwa wakazi wa Kilifi, setilaiti si jambo geni. Kituo cha anga za juu cha Luigi Broglio kiko Ngomeni, kaunti ndogo ya Magarini, na mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini huko. Kwa kijana mwenye shahada ya uhandisi anayetaka kazi hii, njia mojawapo ni shahada ya uzamili ya mawasiliano ya simu na setilaiti.

Kinachosomwa

Upande wa simu, mwanafunzi hujifunza kugawanya masafa machache ya redio kati ya minara ili watu wengi wazungumze kwa wakati mmoja bila kuingiliana.

Upande wa setilaiti, hupima umbali, nguvu ya mawimbi na athari za mvua. Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja iko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawimbi huchukua karibu robo sekunde kupanda na kushuka, hivyo mazungumzo hukawia kidogo. Setilaiti za chini, kama zilizo kilomita 550, hazikawii hivyo, lakini kila moja hupita upesi, kwa hivyo huhitajika nyingi. Hesabu hizi ndizo husaidia kuamua iwapo kijiji kifikishiwe mtandao kwa mnara, faiba au setilaiti.

Muda na karo

Nchini Kenya, uzamili kwa kawaida huchukua miaka 2: masomo ya darasani, kisha utafiti na tasnifu. Uingereza, kozi nyingi ni za mwaka 1. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huwakopesha pia wanafunzi wa uzamili.

Tahadhari

Hakikisha kozi ya humu nchini imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Vilevile, Bodi ya Wahandisi ya Kenya hutazama kwanza shahada ya kwanza ya uhandisi inayotambuliwa. Aliyesomea fizikia au kompyuta anaweza kukubaliwa na baadhi ya vyuo na kupata kazi ya mitandao, lakini uzamili pekee hauzibi pengo hilo. Familia zinazochangisha karo zinashauriwa kuuliza hili mapema, kabla ya kulipa.