Macho ya manjano kwa anayetumia ARV: usikimbilie kuacha dawa

Mtu anayetumia ARV macho yakigeuka manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi, nyumbani huwa zinalaumiwa dawa kwanza. Wengine huziacha kimyakimya. Ni kweli baadhi ya dawa huweza kuumiza ini, lakini upo ugonjwa unaosahaulika: homa ya ini aina ya E.

Wengi tukisikia homa ya ini tunafikiria aina ya B, inayoambukizwa kwa damu na ngono. E mara nyingi huja na maji. Virusi hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, vikaingia kisimani au mtoni, na familia ikanywa bila kuchemsha. Ndivyo walivyougua watu zaidi ya 10,000 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika mlipuko ulioanza 2007.

Njia nyingine ni nyama ya nguruwe isiyoiva, hasa maini. Imeonekana zaidi Ulaya, lakini hata kitimoto cha kwetu kiive mpaka ndani, hata kama mchomaji ana haraka.

Mwenye kinga nzuri kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache. Anayeishi na VVU na CD4 zimeshuka chini ya 200 yuko kwenye hatari tofauti: virusi, hasa vile vya nguruwe, vinaweza kukaa mwilini kwa miezi na kulitia ini makovu, tena bila dalili za wazi. Kwa kinga dhaifu, hata kipimo cha kingamwili kinaweza kusema huna, hivyo daktari huhitaji kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Sasa fikiria aliyeacha ARV kwa hofu ya manjano: CD4 zinashuka, na ini linakosa mtetezi wake.

Mjamzito asisubiri hata siku moja. Shirika la Afya Duniani linasema akiambukizwa E katika miezi mitatu ya mwisho, kati ya asilimia 20 na 25 ya kina mama wanaweza kufariki.

Maji ya kunywa, hata ya mtoto, yachemshwe au yatiwe dawa ya maji. Mikono ioshwe kwa sabuni kila utokapo chooni. Ukiona manjano, nenda CTC ukiwa na dawa zako zote, na za mitishamba pia. Usizifiche, nazo huweza kuumiza ini. Kama kuna dawa ya kubadilishwa, mwachie daktari aamue.