Seli za Neva na Sumu ya Risasi

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kuelekea Changamwe hupita Kibarani, pale kando ya hori ambapo kwa miaka mingi taka za mji zilirundikwa na kuchomwa hadharani, hata jaa lile likafungwa na mahali pake pakapandwa miti. Jicho la mpita njia huridhika haraka. Lakini akiendelea mbele hadi Mikindani atafika kitongoji cha Owino Uhuru, ambako tangu mwaka 2007 hadi 2014 kiwanda kimoja kiliyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi, na moshi wake na maji yake machafu yakawafuata wakazi mpaka majumbani mwao. Na dhara lililotokea huko halina mti wa kulifunika, kwa kuwa makao yake ni ndani ya seli za neva.

Ubongo wa binadamu una seli hizo zipatazo bilioni 86. Kila moja ina kiwiliwili chenye kiini, na hapo huchipuka matawi mengi mafupi yapokeayo habari, yaitwayo dendraiti, pamoja na uzi mmoja uitwao aksoni, ambao kazi yake ni kuipeleka habari mbali. Aksoni itokayo chini ya uti wa mgongo hata kwenye mguu wa mtu mzima yaweza kufikia urefu wa mita moja, ijapokuwa wembamba wake haudirikiwi kwa macho. Nyingi zimevikwa ala ya mafuta, yaani mayelini, na kwa sababu hiyo ujumbe huweza kwenda kwa kasi ipitayo mita 100 kwa sekunde, ilhali katika nyuzi zisizo na ala, kama zile ziletazo maumivu ya polepole, hauzidi mita mbili hivi.

Habari hiyo huchukuliwa na chembe za chumvi zenye chaji ya umeme. Seli iliyotulia hujiwekea potasiamu ndani na kuitoa sodiamu nje, na ndani yake hubaki umeme hasi wa kadiri ya milivolti 70. Ikichochewa vya kutosha, milango midogo ya utando wake hufunguka, sodiamu ikafurika ndani, umeme ukageuka, na mageuzi hayo yakakimbia aksoni nzima. Elimu hii tunadaiwa na ngisi, jamaa wa hawa ambao wavuvi wetu huwaleta sokoni kwa kitoweo, kwani aksoni yake kubwa hufikia unene wa karibu milimita moja, na Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliweza kupenyeza ndani yake kipimo chembamba, wakachapisha hesabu zao mwaka 1952, na mwaka 1963 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mwisho wa aksoni, aghalabu, haugusani na seli ya pili: baina yao mna upenyo wa takriban nanomita 20, uitwao sinapsi. Ujumbe ukiwasili hapo, milango mingine huikaribisha kalsiamu, na kalsiamu ndiyo itoayo idhini ya kumwagwa kwa kemikali zitakazouvuka upenyo. Hapa ndipo risasi ipatapo njia, kwa maana chembe yake hufanana na ya kalsiamu kwa chaji na kwa ukubwa: huingia kwa milango ile ile, mithili ya mtu asiyealikwa aliyevaa kanzu nzuri akapita arusini pasipo kuulizwa, na ikisha kuingia hushikamana na protini zilizoandaliwa kwa ajili ya kalsiamu, ikazimwaga kemikali wakati usio wake na kuzizuia zinapohitajiwa. Kadhalika huviziba vipokezi ambavyo ubongo huvitumia katika kujifunza na kuhifadhi kumbukumbu.

Mtoto ndiye aumiaye zaidi, kwani matumbo yake huweza kunyonya hata nusu ya risasi aliyoimeza, tena ubongo wake ungali ukijengwa. Shirika la Afya Duniani limetangaza kuwa hakuna kiwango cha risasi damuni kijulikanacho kuwa salama. Dawa za kuitoa mwilini zipo, ila akili iliyokwisha kupunguzwa hairejeshwi nazo.

Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda kile cha Owino Uhuru na ambaye mwanawe alikutwa na risasi damuni, aliwatetea wakazi hata akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hukumu hiyo ni ya haki, lakini kwa rai yangu fidia isiyofuatana na upimaji wa damu za watoto ni nusu ya haki.

Basi mzazi akaaye karibu na wayeyushao betri asingoje dalili, kwa kuwa mara nyingi hazionekani. Na aombe damu ya mwanawe ipimwe, amnawishe mikono kabla ya kula, na ampe dagaa, maziwa na mboga za majani, kwani mwili uliopungukiwa na chuma na kalsiamu huinyonya risasi kwa wingi zaidi.