Kifundo cha Mguu Kinapoteguka

Mvuvi wa Bumbire arukaye kutoka mtumbwini na kukanyaga jiwe lenye utelezi aweza kuteguka kifundo cha mguu. Swali lifuatalo si dogo: je, avushwe ziwa kwenda kupigwa picha ya eksirei, ama apumzike nyumbani? Jibu hutegemea ni kitu gani kilichoumia, nayo miteguko haifanani.

Mifupa ya kifundo hufungwa pamoja na kano, yaani nyuzi imara ziunganishazo mfupa na mfupa. Mwanafunzi na apapase kifundo chake mwenyewe: ataona kwamba nundu ya nje imeshuka chini kuliko ile ya ndani. Kwa sababu hiyo wayo hupinduka kwa urahisi kuelekea ndani, na kano za upande wa nje, ambazo ni dhaifu, huvutika au kukatika. Ile ya mbele ndiyo hutangulia. Huu ndio mteguko wa kawaida kabisa.

Kano ya upande wa ndani ni pana kama upepo na ina nguvu nyingi. Wayo ukipindukia nje, pengine hung'oa kipande cha mfupa kabla haijakatika yenyewe. Aina ya tatu hutokea juu ya kifundo, wayo uzungushwapo kwa nguvu kuelekea nje, na kano zishikamanishazo mifupa miwili ya mguu zikaumia. Uvimbe wake waweza kuwa mdogo, na watu huudharau. Kumbe huchelewa kupona kuliko mingine.

Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ya kuamua nani apigwe picha. Kifundo kikiuma, picha yahitajika iwapo mgonjwa hakuweza kwenda hatua 4 mara alipoumia, na hawezi tena anapochunguzwa. Au iwapo mfupa wa nundu mojawapo wauma ukibonyezwa ukingoni nyuma au nchani. Kuchechemea huhesabiwa kuwa ni kutembea. Kanuni hii iliundwa kwa watu wazima, wala haimfai mlevi au mtu aliyekufa ganzi miguu.

Asiye na dalili hizo hufungwa bendeji, huinua mguu, na hutumia kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Desturi yetu ya kukanda kwa maji ya moto siku ile ile huzidisha uvimbe. Maumivu yakipungua, aanze kutembea kidogo kidogo, kisha ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja, kwa maana kifundo kilichoteguka hupoteza wepesi wa kujiweka sawa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuteguka tena.