Yaliyopita yanapokuwa ndwele

Walioipitia Rosa Mistika shuleni wanamkumbuka Rosa, binti wa kisiwani Ukerewe, katika riwaya aliyoitoa Euphrase Kezilahabi mwaka 1971. Baba yake, Zakaria, alimpiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa akaenda kusoma mbali, akidhani ukali ule ameuacha nyumbani. Kumbe ulimfuata chuoni, ukaingia katika mapenzi yake, ukamfikisha kaburini.

Sisi wa mlimani tuna riwaya yetu pia, ingawa iliandikwa kwa Kiingereza na wengi wa waliopatwa na yale hawakuweza kuisoma. Ni Blood on Our Land ya Ismael Mbise, ya mwaka 1974. Msingi wake ni jambo la kweli. Novemba 1951, serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na kuzichoma nyumba zao, ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kulilia haki mbele ya Umoja wa Mataifa.

Lakini Wameru walikuwa na jeraha la zamani zaidi. Oktoba 1896, pale Akeri, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa siku chache tu baada ya kufika, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Askari wa Kijerumani walikuwa karibu, na mwenye Biblia hakutofautishwa na mwenye bunduki. Ndipo Kapteni Johannes akaja kulipiza kisasi. Watu wengi waliuawa, ng'ombe wakatekwa, mashamba yakaharibiwa. Injili ilirudi mwaka 1902, misheni ikajengwa Nkoaranga, na wajukuu wa walioshika mikuki wakawa Walutheri.

Ndiyo maana methali ya "yaliyopita si ndwele" hunipa shida. Tunaitumia kwenye vikao vya ukoo, hata kanisani, na mara nyingi anayeambiwa hivyo ni yule aliyeumizwa, ili anyamaze.

Ndugu zake Yusufu walinyamaza zaidi ya miaka 20. Soma Mwanzo 42. Njaa iliwapeleka Misri kununua nafaka, wakatiwa kizuizini kwa kosa la upelelezi ambalo hawakulitenda. Hakuna aliyewatajia Yusufu. Wao wenyewe wakaanza kuambiana habari ya kijana aliyewalilia nao wakakataa kumsikia. Walikuwa watu wazima wenye watoto, lakini kilio kile kilikuwa bado kimo ndani yao. Yusufu alikuwa amesimama pale pale, akielewa kila neno, nao hawakujua kwa sababu alitumia mkalimani. Akajitenga nao, akalia. Mapatano yao yalikuwa bado mbali, lakini kosa lilikuwa limekwisha kutajwa kwa vinywa vya waliolitenda.

Majina ya Ovir na Segebrock tunayo, na ni haki kuwakumbuka. Lakini Wachaga waliokufa pamoja nao, na Wameru waliouawa baada yao, nao walikuwa na majina, na mama zao waliwalilia. Je, katika ukoo wenu yupo anayeyakumbuka hata mawili? Mwulize leo baada ya chakula cha mchana, kabla mzee hajasinzia, na uwe na kalamu.