Mgonjwa wa saratani naye asikie, naye aulize

Kutoka Ruhembe hadi Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita 300: kwanza Mikumi, kisha barabara kuu ikatizayo hifadhi, Morogoro, Chalinze, na mwisho foleni ya kuingia mjini. Mgonjwa aliyeondoka alfajiri hufika mchana umekwenda, mkononi ana bahasha ya majibu asiyoweza kuyasoma. Kamati ya msikiti wetu imewasindikiza wagonjwa kadhaa katika njia hiyo, wengi wao kina mama, na kila wanaporejea huwa tunaketi nao. Tulitarajia watatusimulia habari za mashine na sindano. Karibu wote huanza na maneno ya daktari: aliyoyasema, na aliyowaacha bila kuyasema.

Taasisi ya Saratani Ocean Road ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, katika eneo ambalo Wajerumani walijenga hospitali mwishoni mwa karne ya 19. Zipo pia huduma za saratani Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, lakini kwa mtu wa Kilosa njia ya kawaida ni Dar es Salaam. Madaktari wa maradhi haya ni wachache na wagonjwa hutoka kila mkoa, hivyo dakika anazozipata mtu mbele ya daktari wake ni chache. Ndiyo sababu tunasema zisipotee bure.

Hutokea zikapotea kwa mikono ya jamaa wenyewe. Mama mmoja wa hapa kwetu, mkulima wa miwa, aliambiwa na wanawe kuwa ana uvimbe wa kawaida. Katika hospitali moja ya rufaa, ambayo hatuitaji, daktari alizungumza na kijana wake mkubwa nje ya mlango, kisha akaingia na kumwambia mama, "Utatumia dawa, utapata nafuu." Jina la ugonjwa wake alilisikia kwa mgonjwa mwenziwe waliyekaa naye benchi. Alituambia kwa utulivu, "Wanangu, mimi nina deni la watu, na nina shamba la yatima mkononi mwangu. Kama ningekufa bila kujua, nani angeyasema hayo?"

Vijana wale walifanya kwa huruma, na hatuna neno baya juu yao. Hata hivyo hatukubaliani nao. Mtume (s.a.w.) amehimiza kwamba mwenye jambo la kuusia asikae bila wasia wake kuandikwa. Mtu atauandikaje hali amefichwa? Kumficha mtu mzima mwenye akili timamu habari za mwili wake ni kumnyima nafasi ya kulipa madeni, kurejesha amana, kuombana radhi na majirani, na kuchagua tiba mwenyewe. Habari inaweza kupelekwa kwa upole na kwa hatua, na ndugu akiwepo, ilmradi imfikie mwenyewe.

Upande wa pili wa jambo hili ni mgonjwa aliyeambiwa lakini hakuelezwa. Mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hivi. Kabla ya kuanza, mgonjwa huchorwa alama kwenye ngozi ili mionzi ilenge pale pale kila siku. Bibi mmoja aliambiwa, "Usizifute," basi. Usiku alizisugua zikaondoka, akihofia kuwa rangi inazuia maji na josho lake halitimii. Ilibidi apimwe na kuchorwa upya, na siku ya tiba ikapita. Daktari hakujua hofu yake ilitoka wapi, naye bibi aliona haya kuuliza. Jawabu lilikuwa jepesi: wino mwepesi usioacha tabaka hauzuii maji, na katika madhehebu yetu ya Shafii kusugua si sharti la josho, inatosha maji kupita. Kama wahudumu wamekataza maji kabisa mahali hapo, na amuulize sheikh kabla ya kusafiri.

Mwingine aliacha mionzi wiki ya tatu akarudi kuvuna, kwa kuwa maumivu yalikuwa yamepungua na nauli ilikuwa ikiisha. Aliambiwa asikatishe. Hakuambiwa kuwa siku zikirukwa, chembe za saratani hupata nafasi ya kujijenga tena. Aliporudi ugonjwa ulikuwa umesonga mbele.

Tumesikia na mazuri. Daktari mmoja alimchorea mzee wetu picha ya koo nyuma ya kadi, akamwonyesha uvimbe ulipo, kisha akasema, "Haya babu, nieleze wewe sasa, nijue kama nimesema vizuri." Mzee huyo hajakosa siku hata moja ya kliniki. Dakika zilikuwa zile zile chache.

Kuhusu mofini ya maji, wapo wanaoikataa wakidhani ni kileo. Ikitolewa na daktari kwa maumivu makali, kwa kipimo chake, ni dawa, na wanazuoni wameiruhusu kwa dharura. Mgonjwa anayelia usiku kucha hatuna haki ya kumwongezea mzigo wa hofu. Vivyo hivyo mwanamke aombe daktari mwanamke; akikosekana, atibiwe na mwanamume, na muuguzi wa kike au maharimu wake awepo.

Sasa kila anayesafiri hupewa daftari na mtu mmoja wa kwenda naye, anayejua kuandika. Ndani yake huandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe: ugonjwa wangu unaitwaje, umefika hatua gani, tiba hii ni ya kuponya au ya kutuliza, itachukua siku ngapi, na dalili gani zikitokea nirudi haraka. Ibada huandikwa pia, hasa kuhusu funga ya Ramadhani, ambayo mgonjwa ameruhusiwa kuila na kuilipa baadaye, au kutoa fidia kama hatarajii kupona.

Linalotusumbua bado ni malazi. Waumini wawili, mmoja Temeke na mmoja Buguruni, huwapokea wagonjwa wetu bila malipo, Allah awalipe. Tunatafuta nyumba ya tatu, karibu na njia ya mwendokasi iendayo Kivukoni, kwani mtu aliyetoka kwenye mionzi hawezi kusimama ndani ya daladala saa nzima.