Tuliyoyaona Dodoma

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hivi karibuni tuliondoka Singida mjini alfajiri kwa basi tukaenda Dodoma, si kwa mkutano wala kwa shughuli ya ofisi, bali kutembea tu na kuutazama mji kama mgeni autazamavyo. Yale tuliyoyaokota huko twaona si haki kuyaweka mfukoni mwetu peke yetu.

Nyuma yetu tuliyaacha majabali na Ziwa Singidani, tukapita Ikungi na Issuna, nchi ya alizeti na vitunguu, mpaka Manyoni. Kutoka hapo barabara yateremka ukingo wa Bonde la Ufa, ikaingia tambarare ya Kintinku na majaruba ya mpunga ya Bahi. Njia yote hiyo reli haiko mbali. Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na mababu zetu wengi waliibeba mataruma yake mabegani pasipo kuulizwa kama wapenda ama hawapendi.

Wagogo husimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na tembo aliyezama matopeni. Leo hakuna dalili ya kuzama. Tulishuka kituoni tukajikuta tukiuliza njia katika mji tuliodhani twaujua. Pale palipokuwa na miiba na vumbi pana lami ya njia nne. Kuuzunguka mji imetandazwa barabara ya kilomita 112, na kule Msalato umejengwa uwanja mpya wa ndege. Kwa hesabu ya sensa, jiji lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 765,179.

Jioni tulikwenda kulitazama gari moshi lisilo na moshi. Treni hiyo ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, na safari iliyokuwa ikimla mtu siku nzima kwa basi sasa ni ya saa tatu na ushei. Tulimwona mama mmoja wa makamo akishuka na kikapu chake, akageuka kulitazama behewa, akatikisa kichwa na kucheka. Hatukumuuliza anachekea nini. Sisi wenyewe tulikuwa tukicheka.

Twakiri kwamba tuliona fahari, na wanachama wana haki ya kuiona. Ni TANU iliyoamua mwaka 1973, baada ya matawi yake kuulizwa rai, kwamba makao makuu yahamie katikati ya nchi, karibu na wananchi walio wengi. Ilikusudiwa kazi hiyo iishe katika miaka 10. Haikuisha. Fedha zilikuwa haba, vita vya Kagera vikapita, na watu wakaanza kuifanyia mzaha habari ya kuhamia Dodoma. Mwaka 2016 ndipo agizo la kuhama lilipotekelezwa kwa vitendo. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Kesho yake tulikwenda Mtumba, ulikojengwa mji wa Serikali. Majumba ya wizara yamesimama kwa safu, vioo vyake vyawaka jua. Tuliporudi, kwenye jengo moja la mtu binafsi pembezoni mwa jiji, tulisikia Kinyiramba kikisemwa juu ya jukwaa la miti. Tulisalimu, na kijana mmoja akashuka upesi, mikono yake ikiwa na saruji hadi kwenye viwiko. Ni fundi mwashi, mzaliwa wa Iramba, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne Dodoma.

Tulimuuliza kama ana mkataba. “Kaka,” alijibu, “mkataba wangu ni jua. Likichwa, nalipwa. Mvua ikinyesha, silipwi.” Mwenzake alianguka kutoka ghorofa ya pili, mkandarasi akamlipia siku mbili za hospitali, kisha hakuonekana tena. Wale vijana wakachangishana nauli, wakampeleka kwao.

Maneno hayo yalitufuata mpaka Manyoni. Nchi hii haina upungufu wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na imeweka mpaka wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliundwa kwa ajili ya mtu kama yule aliyeanguka. Lakini sheria isiyopanda jukwaani pamoja na fundi ni karatasi tu. Na je, matawi yetu, ambayo hujua kila nyumba ya balozi, yashindwaje kujua ni vijana wangapi wanafanya kazi bila hata kipande cha karatasi?

Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere aliitembelea China, na kilichomgusa sana huko ni moyo wa watu wa kubana matumizi na kujituma wenyewe. Mgeni mwenye busara hatazami urefu wa nyumba pekee; huuliza pia ni nani aliyeijenga, na amelala wapi usiku ule.

Twayasema haya kwa kuwa zamu ya Singida inakuja. Mkataba wa kuijenga reli mpya kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini mwaka 2021, na njia yake yapita katika mkoa wetu. Mji wa Singida nao wapanuka. Tutaletewa wapimaji, wakandarasi na wenye fedha, nasi tutawapokea kwa mikono miwili. Lakini yatupasa kujitayarisha tangu sasa: viwanja vipimwe kabla watu hawajabanana, mkulima wa alizeti auze kwa mizani iliyo sawa, na kila kibarua aandikwe jina lake na haki yake kabla hajashika mwiko.

Kijana yule wa Iramba alituagiza tumsalimie mama yake. Salamu tumezifikisha. Mama aliuliza kama mwanawe anaishi katika moja ya majumba yale anayoyajenga. Hatukuwa na jibu, na twaona aibu kwamba hatukuwa nalo.