Kamera Inayokuachia Uamuzi

Bibi alisimama katikati ya familia mbili, fimbo mkononi, akaanza kusema kwa lugha ya Mashi, kwa sauti ya chini. Ilikuwa siku ya kutoa mahari, kwenye ua mdogo huko Bagira, hapa mjini Bukavu. Turubai lilikuwa limefungwa chini ya ukingo wa bati, mvua inapiga, na kwa kuwa umeme ulikatika tangu asubuhi, jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta. Nilikuwa hatua nne mbele yake na kamera yangu ndogo ya kasete za MiniDV, ile ya kushikwa kwa kiganja kimoja. Katika kioo chake nilimwona vizuri kabisa: kitenge, mikunjo ya mashavu, kidole kinachohesabu majina ya ukoo. Nilidhani nimempata.

Hakumaliza mwaka. Baada ya matanga mjukuu wake alikuja kwangu, tukaitazama ile kasete mara tatu. "Papa," aliniuliza, "hakuna hata fasi moja yenye anasikilika muzuri?"

Hakukuwa na fasi.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Kamera za nyumbani hujipimia sauti zenyewe. Mtu akipaza sauti zinapunguza. Akinyamaza zinaongeza, zikitafuta kitu cha kusikia. Bibi alikuwa na ule mwendo wa wazee wa kutua kati ya sentensi na sentensi. Kila alipotua, kamera ilivuta mvua na jenereta mpaka vikajaa. Alipoanza tena, maneno ya kwanza yalikuwa yameshazama. Mashine haikujua kwamba bibi ni muhimu kuliko jenereta, na mimi niliyejua sikuwa na kitufe cha kuiambia.

Kwa hiyo vijana wa Nyawera na Kadutu wanaponiuliza wanunue kamera gani ili waingie kazini kwelikweli, kwanza nawasimulia habari ya bibi huyo. Wao huja wakiwa na swali la ukubwa. Siwalaumu, maana wateja ndio waliowafundisha. Mjomba wa bibi harusi akiona kijana ameshika kamera ya kiganjani husema palepale: "Sasa kamera yenyewe iko wapi? Ile ya kubeba ku bega?" Na malipo hushuka. Hivyo kijana anajikusanyia dola miaka miwili, ananunua kamera ya begani, anaheshimiwa ukumbini, na akifika nyumbani kuunga picha zake anakuta uso uleule wenye chengachenga aliokuwa akiupata zamani.

Chukua mfano wa Sony HXR-MC2500. Ina umbo la begani, ni nyepesi, na mtu akiwa nayo anaonekana fundi. Ndani yake, kile kipande kinachopokea mwanga, yaani sensa, ni kimoja tu cha robo inchi, ukubwa wa kamera za nyumbani. Sasa weka pembeni Sony PMW-EX1 iliyotoka mwaka 2007, kamera ya mkononi ambayo hakuna mjomba atakayeigeukia. Hiyo ina sensa tatu, kila moja ya nusu inchi. Upande wa sensa ukiongezeka mara mbili, eneo lake linakuwa mara nne, na eneo ndilo linalokusanya mwanga. Katika ukumbi wa harusi saa tatu usiku, taa za rangi zikizunguka na nusu ya balbu zimekufa, tofauti hiyo utaiona usoni mwa mama mzaa chema.

Na uso ndio unaonikera zaidi. Bibi harusi amevaa gauni jeupe pe, bwana harusi suti nyeusi, na nyuso zetu ni za rangi yetu. Ukiiachia kamera ijiamulie, inashtukia weupe wa gauni, inafunga mlango wa mwanga, na nyuso zinageuka vivuli. Kwa miaka mingi viwanda vya filamu vilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, na Kodak ndiyo iliyozisambaza katika maabara. Mazoea hayo yaliacha alama. Hata ile milia ya pundamilia inayojitokeza kwenye kioo cha kamera kukuonyesha sehemu zenye mwanga mwingi, kipimo chake cha kawaida cha asilimia 70 kilizoeleka kwa ngozi nyeupe. Mtu mweusi ukimng'arisha mpaka milia imtokee usoni kwa asilimia 70, umemchuja. Mimi huishusha mpaka karibu 50 ninapopima uso, kisha naangalia gauni kwa jicho lingine. Lakini ili ufanye hivyo lazima kamera iwe na milia, na iwe na pete tatu kwenye lenzi, moja ya kuvuta picha, moja ya fokasi, moja ya mwanga, ili mkono ufanye kazi bila jicho kutoka kwa watu. Katika kamera za nyumbani, hata pale mambo haya yanapokuwepo, yamefichwa ndani ya menyu, na ukimaliza kuyatafuta pete ya ndoa imeshavalishwa.

Mchana ufukweni mwa Kivu shida ni kinyume chake. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Jua la saa sita likipiga maji ya ziwa, kamera inafunga mlango wake wa mwanga hadi mwisho na picha inapoteza ukali. Kamera ya kazi ina vichujio vya mwanga ndani yake, na unageuza swichi moja tu. Kitu kidogo, lakini ukikikosa utaivisha lenzi miwani ya jua, na nimeona watu wakijaribu.

Kuna jambo ambalo ndugu zetu walioko Marekani hawalijui wanapotutumia kamera kwa mapenzi yao. Kamera nyingi za nyumbani zinazouzwa kule zimefungwa kwenye picha 60 kwa sekunde, kufuatana na umeme wa kwao. Umeme wetu, huu unaotoka mto Ruzizi, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Washa taa ya mrija na picha inaanza kupepesa. Dawa ni kuweka kasi ya shata kwenye 1/100, kama kamera inakuruhusu. Nyingi za kazi zinakuachia uchague 50 au 60 mwenyewe, nalo ni swali la kuuliza kabla mzigo haujapanda ndege.

Narudi kwenye sauti, maana ndiyo iliyonitoa kwenye kamera ndogo. Tafuta kamera yenye soketi mbili za XLR. Waya wa XLR hubeba sauti mara mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine; mvumo unaoingia njiani kutoka kwenye nyaya za umeme unafutika ile iliyo kinyume inapogeuzwa tena na kuunganishwa na mwenzake. Soketi hizo hupeleka pia volti 48 za kuendesha maiki nzuri. Muhimu kuliko yote, kando ya soketi kuna swichi ya kuzima ule upimaji wa kujiendesha. Baada ya hapo unavaa hedifoni, unashika kidude cha kuzungusha, na ukimya wa mzee unabaki ukimya.

Faida ya sauti safi naisikia katika filamu ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliyeianzia hapa Bukavu, Maman Colonelle ya mwaka 2017. Alimfuata Kanali Honorine Munyole, aliyeongoza kikosi cha polisi cha kulinda wanawake na watoto hapa, akaendelea naye alipohamishiwa Kisangani. Kamera aliishika Hamadi mwenyewe, na filamu ilipata tuzo kuu ya Cinéma du Réel jijini Paris. Nikiitazama nasikiliza kwanza. Wanawake wanazungumza polepole, na kila neno linafika. Miaka miwili kabla ya filamu hiyo, Mei 2015, katika shule ya Collège Alfajiri hapa mjini, mwongozaji wa maigizo Mswisi Milo Rau alifanya kikao cha siku tatu cha kusikiliza mashahidi, alichokiita Mahakama ya Kongo, na moja ya kesi ilihusu mauaji ya kijiji cha Mutarule ya Juni 2014. Katika mji ambao watu wake wana ushahidi wa namna hiyo, yule anayejiita kameramani hana ruhusa ya kupoteza neno.

Kuhusu kununua: wengi wetu tutanunua kamera iliyotumika, iliyopitia Dubai, Kampala au Kigali. Ingia kwenye menyu uangalie saa ilizofanya kazi. Mulika tochi ndani ya lenzi, kwa sababu mvua zetu za tangu Septemba hadi Mei huotesha kuvu kwenye vioo, na kuvu ikishajichora haitoki kwa kitambaa. Chomeka maiki kwenye kila soketi, usiishie kwenye moja. Weka akiba ya kadi na diski pia: picha za megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22 na nusu kwa saa, wakati kasete yangu ya zamani ilikula 13. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 na benki kufunga milango, kupata fedha hizo kumekuwa kazi nyingine kabisa. Na kutembea barabarani na kamera ya begani kunaita maswali. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua ile ya mkononi.

Mimi nilinunua EX1 iliyochakaa kwenye kona, mpira wa jicho umepasuka. Kazi ya kwanza niliyoifanya nayo kwa moyo ilikuwa ya mzee mmoja wa Kabare, kaka wa yule bibi, aliyekubali kukaa kwenye kiti barazani na kuhesabu ukoo upya. Mvua ilinyesha tena. Nilimbana maiki kwenye kola ya koti, nikaweka sauti kwa mkono, akasema kwa dakika 40.

Alipomaliza nilimvalisha hedifoni asikilize. Alifumba macho, akasikiliza muda mrefu bila kutikisika. Kisha akazivua, akanirudishia, akaniomba niwashe kamera tena. Jina la babu yake, alisema, alikuwa amelitaja haraka mno.